Macho ya Mama Mbele ya Balozi

Mwaka ule wa foleni, mimi ndiye niliyemharibia mama jina. Nilikuwa na mchezo wangu: nachechemea mpaka watu wananionea huruma, wananipisha mbele, napata sukari kabla ya wenzangu. Siku moja nikachechemea hivyo, na balozi wetu wa nyumba kumi, aliyesimamia ugawaji, akanikuta jioni ile ile kwenye uwanja wa Nangara nakimbiza mpira. Basi mama alipoinua kichwa kutazama lori la sukari, akaanguka akisema dunia inazunguka, foleni nzima ilicheka.

"Familia ya waigizaji hiyo!"

Balozi akamfuta kwenye orodha. Sukari mama hakuitaja hata mara moja. Alisema tu, "Wameniita mwongo."

Nikamfuata balozi nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamwomba aje hospitali ashuhudie mama akipimwa.

"Na leo unaumwa mguu gani?"

"Leo ulimi, mzee."

Akacheka, akaja.

Tochi ya daktari haikuwa na betri. Nikatoa mbili zetu, tulizozianika juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu. Daktari akamulika sikio, akamwambia mama abane pua, afumbe mdomo, asukume pumzi, naye akitazama kama ngoma ya sikio inasogea. Ikasogea.

"Hapa pazima. Shida iko ndani zaidi."

Akamkalisha kitandani, akamgeuza uso kulia, kisha akamlaza chali ghafla, kichwa kikining'inia nje ya kitanda. "Usifumbe macho, mama."

Kwanza hakuna kilichotokea. Halafu macho ya mama yakaanza kurukaruka upande mmoja, kama ya mtu anayesoma gazeti linalomkimbia. Akanibana mkono mpaka nikauma meno.

"Balozi, inama utazame," daktari alisema. "Hayo hakuna anayeweza kuyaigiza."

Ni kweli. Mimi ninayemwigiza mwalimu mkuu mpaka kikohozi chake, nilijaribu macho yale wiki nzima mbele ya kioo. Nikashindwa.

Lori lilipokuja tena, balozi alipaza sauti wote wasikie: "Mama huyu apite mbele. Anaumwa kweli, nimeona kwa macho yangu."

"Asante, balozi," mama akasema. "Lakini nafasi yangu ni hii hapa."

Akabaki, mkono begani kwangu, shingo imenyooka kama amebeba mtungi. Watu kumi na sita mbele yetu, na jua kali. Nami nikasimama kwa miguu yangu yote miwili.