Eksi Kifuani kwa Baba

Hakuna herufi iliyonisumbua maishani kama X. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi katika shule za msingi za Shinyanga, na kila mwaka, tukikaribia mwisho wa alfabeti, lazima mtoto mmoja anyooshe mkono na kuuliza hiyo nayo ina kazi gani. Jamani! Ningejuaje mimi? Kiswahili kinaishi salama bila hiyo herufi. Kisukuma hakijawahi kuiulizia. Waingereza wenyewe ndio wanaoing'ang'ania, lakini fungua kamusi yao uone: ukurasa mmoja, labda na nusu, halafu wameishiwa.

Ukutani pa darasa langu la tatu palikuwa na chati ya picha. Kwenye X walikuwa wamechora zailofoni. Nikawaeleza watoto kwamba ni ala ya muziki, mbao zinapangwa na kugongwa kwa vijiti.

"Kama marimba, mwalimu?"

"Kama marimba."

"Sasa si wangeiweka kwenye M?"

Nikamwambia akae chini. Ndiyo, nilikuwa na hasira za karibu, siwezi kukataa. Lakini mtu ufanyeje? Huku nafundisha kwamba X ni herufi, huku kalamu yangu nyekundu inaiweka kwenye kila jibu lililokosewa. Wakivuka ukuta kwenda kwa mwalimu wa hesabu, anawaambia X ni namba ambayo haijulikani, itafuteni. Mwaka mmoja msichana wa darasa la saba alipata barua kutoka kwa rafiki wa kalamu wa Uingereza, akaniletea huku machozi yanamtoka. Chini ya barua kulikuwa na eksi tatu. Alidhani yule mzungu ameisahihisha barua yake na kumkosesha mara tatu. Nikamwambia hapana, mwanangu, kwao hayo ni mabusu. Aliniangalia kama nimerukwa na akili.

Hizo zote nilizivumilia. Eksi iliyonitoa jasho ni ya baba yangu.

Tulipokuwa wadogo, miaka ya sitini, baba alichekecha mchanga wa almasi Maganzo. Alifanya kazi kwa tajiri mmoja, mwenye shimo lake na pikapu yake. Siku moja mchekechaji mwenzake alipiga kelele kwamba ameona jiwe linang'aa kwenye chekecheo. Tajiri alipofika mbio, jiwe halikuwepo. Aliyekuwa amesimama karibu zaidi alikuwa baba. Wakamvua nguo zote mbele ya watu, wakampekua mpaka mdomoni, hawakupata kitu. Basi tajiri akasema amelimeza.

Akaandika karatasi ya Kiingereza. Baba wakati huo hakujua kusoma hata jina lake. Akaonyeshwa pa kuweka alama, akaweka eksi, kama walivyoweka wote wasiojua kuandika. Baadaye tuliambiwa kwamba karatasi ile ilisema amekubali kwa hiari yake kupigwa picha ya tumbo. Akapakiwa kwenye pikapu, akapelekwa hospitali, akapigwa eksirei. Picha haikuonyesha kitu. Sasa sikia: tajiri akatangaza kwamba almasi yenye maji safi, yaani ile angavu kabisa, haishiki kwenye picha. Akaifungia ile picha kwenye sanduku lake na asimwonyeshe mtu. Hakumshitaki baba, hakumsafisha, alimwambia tu asikanyage tena shimoni.

Watu wa Maganzo kwa utani! Baba akipita barabarani anaulizwa, "Vipi bwana, leo umeenda choo?" Wanaume wazima, wanashikana mabega kwa kicheko. Mama akienda kisimani wanamtazama khanga yake kama ni mpya. Baada ya mwezi mmoja hivi tukafunga virago, tukahamia Nyarugusu, kwenye dhahabu, ambako hakuna aliyetujua.

Na hili nalo nitalisema, ingawa linanichoma. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kwamba amelimeza. Si kwamba nilimchukia. Niliomba iwe kweli. Nilitaka viatu, na nyumba ya bati. Kwa hiyo kila alfajiri baba alipokwenda porini kujisaidia, nilimfuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya kichaka cha mnyaa, na alipoondoka nikaenda kuangalia kwa kijiti. Nilifanya hivyo karibu wiki mbili. Sikumwambia mtu yeyote.

Huko Nyarugusu baba alitwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu cha chuma, vumbi jeupe likimjaa puani na kwenye kope. Ilipokuja elimu ya watu wazima, alikuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi. Hakutaka hadithi za kilimo bora wala za kuchimba vyoo. Alitaka jina lake tu. Alipolijua akaliandika kila mahali: kwenye mpini wa jembe, kwenye mlango, kwenye kitako cha sufuria ya mama, mpaka mama akalalamika. Alikuwa anasema, "Eksi niliiweka mara moja. Basi."

Miaka ikapita, mimi nikawa mwalimu mjini Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ule wa kupanga foleni ya sabuni, mama akanitumia barua kwamba baba anakohoa tangu mavuno na sasa anatema damu. Nikaenda kumchukua. Nilimkuta amebaki mifupa, suruali ameifunga kwa kamba ya katani, na bado anabishana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Nikamleta mjini. Daktari akamsikiliza kifua, akaandika kikaratasi: apigwe eksirei.

"Yaya," baba akasema. Kwa Kisukuma hiyo ni hapana, na baba akiisema hakuna wa kuijadili.

"Baba, ni picha ya kifua tu."

"Eksirei ni ya wezi. Mimi nimeshapigwa ya kwangu."

"Bila picha hawawezi kuanza dawa!"

"Basi wasianze."

Wiki nzima! Wiki nzima nilibembeleza, nikafoka, nikanuna, nikapika kuku. Narudi shuleni nimechoka kusahihisha, namkuta amekaa uani anakohoa kwenye kopo, ananiangalia kama mimi ndiye niliyemkosea. Nilimwambia jiwe likimezwa linatoka siku ya pili, kila mtu mwenye akili anajua, haya mambo yamekwisha zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita. Akanijibu, "Kamwambie hayo mtu wa Maganzo." Nikamwambia kwamba atakufa. Akasema wezi pia wanakufa. Ningefanya nini na mzee wa namna hiyo? Nililia jikoni kwa hasira, nikarudi nikamwuliza anataka nini basi, aseme.

Akatema kwenye kopo, akalifunika. Kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini hii picha naichukua mimi mkononi. Asiifungie mtu."

Nikaapa kwamba nitaidai. Kesho yake asubuhi tukaenda.

Dirishani karani akampa fomu ya Kiingereza, akamwonyesha mstari, akasema, "Mzee, weka alama yako hapa." Baba akaomba asomewe kwanza. Karani akaguna. Nikamsomea mimi, neno kwa neno, kwa Kisukuma. Halafu akaishika kalamu na kuandika majina yake matatu, herufi moja baada ya nyingine, anapumzika kati ya jina na jina ili akohoe. Nyuma yetu foleni inanung'unika, akina mama wana watoto migongoni, na mimi nimesimama pale naona aibu kwa niaba ya watu wote. Alipomaliza akarudia kuweka nukta kwenye i.

Chumba cha picha kilikuwa na mlango unaofungwa kwa pazia. Mpiga picha, mzee mwenye koti la kijani lililopauka, akamwambia avue shati, aegemeze kifua kwenye bamba na kuinua kidevu.

"Mpaka tumboni," baba akasema.

"Mzee, daktari ameandika kifua."

"Piga na tumbo."

"Filamu hakuna. Hizi nilizonazo sijui kama zitafika Ijumaa. Kifua tu."

Nikasikia shati linavaliwa. Pazia likafunguka, baba akatoka, akanipita, akaelekea mlango mkubwa. Hakukasirika wala hakunitazama. Alikuwa anaondoka tu, na vile vibega vyake.

Hapo nikalipuka. Miaka yote sikuwahi kumwambia mtu habari za Maganzo, si mume wangu, si mwalimu mwenzangu. Siku ile nikasimama katikati ya foleni nikapaza sauti kama niko uwanjani na darasa la tatu.

"Huyu ni baba yangu! Alisingiziwa kwamba amemeza almasi ya tajiri. Alipigwa picha, picha ikafichwa. Alichekwa mpaka tukahama. Sasa anakufa kwa kikohozi, na hataki kufa akiitwa mwizi. Anachotaka ni mtu aone tumbo lake kwamba halina kitu. Hilo tu! Mnamtazama nini?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, amenipa mgongo. Mpiga picha akanitazama, akajifuta paji la uso kwa mkono wa koti.

"Ungesema mapema, mama," akasema. "Ninayo filamu kubwa moja. Nitaishusha kidogo, itachukua mapafu na nusu ya tumbo. Zaidi ya hapo siwezi." Akamwita baba. "Njoo, mzee. Njoo tuone."

Baba akarudi.

Baada ya saa nyingi tukaitwa kwa daktari, kijana mpole mwenye miwani. Akaibandika ile picha kwenye kisanduku chake cha taa. Zikaonekana mbavu za baba, nyeupe, na moyo wake. Juu kulia kulikuwa na kama wingu. Daktari akachukua kalamu ya nta, akaweka x ndogo pembeni ya lile wingu, akaanza kunieleza: ni kifua kikuu, tena kimekula sana, sindano kila siku kwa miezi miwili na vidonge mwaka mzima, na asichelewe hata siku moja. Nilikuwa natingisha kichwa, nahesabu miezi kwa vidole.

Baba hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama mbele ya picha, anatazama ile sehemu iliyo chini ya mbavu.

"Na huku?" akauliza.

"Huku ni tumbo, mzee. Sisi shida yetu iko huku juu."

"Huku kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sema kwa nguvu kidogo."

Mlango ulikuwa wazi na watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi nje. Daktari akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini akageuka kuelekea mlango na kusema kwa sauti, "Tumboni kwa huyu mzee hakuna kitu chochote."

Baba akaketi. Akashusha pumzi, ikamletea kikohozi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, au labda hayakuwa ya kikohozi. Daktari aliitoa picha akampa mkononi. Akaiweka magotini na kuinyoosha kingo zake kwa vidole.

"Baba, umesikia lakini?" nikasema. Nilikuwa nimeshachoka kabisa. "Hiyo alama hapo juu. Hiyo eksi ni ugonjwa. Ni mbaya. Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Ugonjwa si wizi."

Sindano alichoma zote, hata moja hakukosa, na alipona, akaishi miaka mingine ya kutosha kunichosha. Ile picha aliitundika kwenye dirisha la chumba alichokuwa analala kwangu, mahali jua la asubuhi linapopita. Mgeni akija, kabla hajapewa maji, anapelekwa kuiona. Mwalimu mkuu wangu alipelekwa. Baba alikuwa anaifunika eksi ya daktari kwa kiganja, ili mtu asipotezwe nayo, na kumwonyesha chini kwa kidole. Nilikuwa nasikia aibu mpaka natamani kuichana.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuitundika, kabla sijakwenda shuleni, aliniita. Nilikuwa nimechelewa na viatu nimeshika mkononi. Akasema nisogee karibu na dirisha.

"Tazama vizuri," akasema.

"Nimeshaitazama hospitali, baba. Nachelewa."

"Hospitali uliitazama eksi. Tazama huku chini." Akanisubiri. "Ukiwa mdogo ulikuwa unanifuata porini na kijiti. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa naondoka haraka ili usichelewe shule."

Viatu vikanidondoka. Nikainama mpaka pua ikagusa ile filamu, na nikaangalia kila pembe yake, taratibu, chini ya mbavu za baba yangu, huku yeye amesimama nyuma yangu anapumua kwa shida.

"Hakuna kitu, baba," nikasema.

"Haya," akasema. "Nenda, watoto wanakusubiri."