Sikio la Kushoto kwa Mkono wa Kulia

Kwa miaka mingi niliamini, na ningeapa msikitini na kanisani siku hiyohiyo, kwamba mwalimu mkuu akimwandikisha darasa la kwanza mtoto asiyeweza kupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa akagusa sikio la kushoto, basi anafungwa jela, na shule yake inauzwa kwa mzungu pamoja na madawati, kengele na watoto waliomo.

Msinicheke. Ilikuwa miaka ya soko huria na kila kitu kilikuwa kinauzwa. Kwetu Rudewa shamba la mkonge lilikuwa limekufa, na kila wiki tuliambiwa limepata mnunuzi mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa Mikumi, nauza suruali za mitumba kando ya barabara kuu, suruali pana ambazo mteja angeweza kuvaa yeye na mkewe na bado akabakiza nafasi ya mgeni. Kama nguo za kafa Ulaya zinapata mnunuzi, shule ya tofali za udongo ingekosaje? Halafu habari yenyewe niliipata kwa utingo wa lori la Zambia, aliyeniapia kwamba ameiona shule moja kwa macho yake ikipakiwa.

Mwenye kesi na sikio alikuwa mdogo wangu wa kike. Homa ya utotoni iliulaza mkono wake wa kulia, ukabaki kuning'inia ubavuni. Wa kushoto, lakini, ulifanya kazi ya mikono minne: ulitwanga, ulisuka ukili, ulinivuta sikio kila niliposema upuuzi, na siku moja ulimwangusha beberu. Haya yote hayakusaidia kitu. Kila Januari, siku ya kuandikisha, mwalimu mkuu wa wakati ule alimsimamisha mbele ya ofisi.

"Gusa sikio."

Anagusa kwa mkono wa kushoto.

"Huo ni wa chooni. Wa kulia!"

"Wa kulia haupandi, mwalimu."

"Basi hujafika umri. Mleteni mwakani."

Ikawa hivyo Januari hata Januari. Mdogo wangu akawa hajafika umri huku anawapita urefu watoto wa darasa la tatu.

Wala si kwamba aliyegusa alisalimika. Jirani yetu alimpeleka mwanawe asiyeweza kutembea. Sikio akagusa, akaambiwa shule ina ngazi. Ilikuwa ngazi moja, na nadhani mpaka leo wanaisubiri ishuke. Mtoto mwingine asiyesikia aligusa vizuri kuliko wote, wakasema sikio lenyewe ndilo bovu. Matofali tu ndiyo hayakupimwa. Mama aliyabeba kichwani ya kujengea darasa kama wazazi wenzake, na hakuna aliyemwambia ayalete mwakani.

Nyumbani hatukukaa bure. Bibi aliukanda ule mkono kwa mafuta ya ufuta mpaka mbwa wa kijiji kizima wakawa wanamfuata mtoto. Mimi, mtaalamu, nilipokuja nyumbani kutoka Mikumi niliufunga kwa kanga, nikaipitisha kanga juu ya boriti, nikavuta kama anayeteka maji kisimani. Mkono ulipanda kweli. Mtoto naye akapanda nao.

"Kaka, nishushe," akasema kutoka juu. "Mimi nataka kwenda shule, sikusema mbinguni."

Januari iliyofuata alichoka. Akasimama mbele ya foleni ya wazazi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba unionyeshe wewe kwanza, nijifunze."

Mwalimu akaona haya kukataa mbele za watu. Sasa, alikuwa na mwili, na suti yake ya Kaunda ilimbana kwapani. Mkono ukapanda, ukafika kwenye kipara, ukakwama hapo. Mshono ukalia *trrr*. Kwa kipimo hicho, mwalimu mkuu alikuwa hajatimiza miaka saba. Wazazi walicheka kicheko kilichosikika mpaka Munisagara, ila mdogo wangu akafukuzwa kwa utovu wa adabu. Wilaya nzima ya Kilosa sijasikia mtoto mwingine aliyefukuzwa shule kabla ya kuandikishwa.

Mwaka mwingine ukaja na mwalimu mkuu mpya, mama mwembamba aliyehamishiwa kwetu kutoka upande wa Berega. Mama yangu akaniita nitoke Mikumi nikamsimamie mtoto, kwa kuwa nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ya sekondari na tayari nilikuwa natumia neno "kifungu" hata nikiagiza chai.

Njiani akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyu karibu atakuwa mwali. Wasipomchukua leo, hawatamchukua tena. Atabaki wa kutwanga tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, msomi yupo.

Mwalimu hakumsimamisha mtoto nje. Alimkaribisha ofisini, akampa kiti. Hapo nikatambua kwamba huyu mama wa watu hajui hatari inayomkabili. Nikasimama, nikakohoa kisheria.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi ni kaka yake, na nampenda. Lakini haki ni haki. Kwa mujibu wa kifungu, ukimwandikisha bila kugusa sikio, wewe unakwenda jela na shule hii inauzwa."

Mama yangu akajifunika uso kwa kanga. Mdogo wangu akanigeukia.

"Kaka, umekuja kunitetea au kuninadi?"

"Inauzwa kwa nani?" mwalimu akauliza.

"Kwa mzungu. Pamoja na madawati."

Mwalimu akachungulia darasani kupitia dirisha. Mlikuwa na madawati mawili na mawe mengi ya kukalia. "Atapata hasara," akasema. Kisha akamgeukia mama. "Mtoto alizaliwa lini?"

Mama akataja mwaka na mwezi, akaongeza kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Mwalimu akaandika jina, akageuza kalamu na kuitia katika mkono wa kushoto wa mdogo wangu, aone anavyoishika. Ndipo akaniambia, bila kucheka na bila kupandisha sauti:

"Bwana mdogo, sikio ni la kukadiria umri wa mtoto ambaye haijulikani alizaliwa lini. Huyu, mama yake anajua. Sheria inasema mtoto akitimiza miaka saba aandikishwe shule. Mkono haikuutaja."