Debe la Maji na Kanuni ya Mwendo

Nilifundisha kanuni ya mwendo pasipo kuiamini. Nasema hivyo leo kwa kuwa sina tena wa kumwogopa. Wakati ule Mwingereza alikuwa bado ndiye serikali, nami nilikuwa kijana wa Lupaso niliyepelekwa Newala kufundisha darasa la nne, nikiwa katika mwaka wa majaribio. Mkaguzi angekuja. Akiridhika, ningepata cheti. Asiporidhika, sijui ningemwambia nini baba, ambaye alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba mwanawe ni mwalimu.

Kanuni yenyewe niliinakili chuoni: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Niliikariri kama katekisimu. Lakini kila kitu nilichowahi kukisukuma maishani kilisimama chenyewe. Siku ya kwanza nilibingirisha mpira wa matambara sakafuni mbele ya watoto. Ukaenda, ukapunguza, ukasimama karibu na mlango.

"Kwa nini umesimama?"

"Umechoka, Mwalimu," wakajibu kwa pamoja.

Nikawaambia umezuiwa na msuguano wa sakafu. Mmoja akauliza, kwa adabu zote, kama pasingekuwa na sakafu mpira ungekwenda wapi. Nikamwambia akae chini, naye alikuwa amekaa. Ukweli ni kwamba hata mimi nilitaka kujua, na hasira yangu ilikuwa ya mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

Daftari langu lilikuwa na mfano mmoja tu: dereva wa lori akikanyaga breki, abiria hutupwa mbele. Watoto wale lori waliliona likipita na magunia ya korosho, kulipanda hawajalipanda. Wakaniitikia, "Ndiyo, Mwalimu," na ndiyo yao ikanitia wasiwasi kuliko ubishi. Kule Newala, juu ya uwanda, mtoto hakumbishia mwalimu. Ningesema jiwe linaelea, wangeandika.

Newala ya siku zile ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Wanawake waliondoka jogoo la kwanza, wakateremka mteremko mkali mpaka visimani bondeni, na kurudi wakipanda na madebe kichwani, jua limekwisha kuwa kali. Sisi walimu tuliletewa na wanafunzi kwa zamu. Niliikuta desturi hiyo na sikuihoji.

Juma moja zamu ilikuwa ya msichana wa darasa langu, mkimya, mmoja wa wasichana watatu tuliokuwa nao. Asubuhi akasimama chini ya ngazi ya nyumba yangu, debe kichwani. Mimi nikiwa juu kizingitini, niliona majani mabichi yakielea juu ya maji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ndiyo nini hii? Unaniletea maji na takataka?"

Kwetu Lupaso kisima kilikuwa nyuma ya nyumba. Habari ya majani sikuwa nayo. Kabla hajajibu niliyaopoa na kuyatupa, nikamwambia apeleke maji jikoni. Alipokwisha kushika mwendo nikakumbuka kwamba mlango wa jikoni nimeufunga. Nikampigia kelele asimame.

Msichana akasimama. Maji hayakusimama. Yaliruka mbele juu ya ukingo wa debe, yakamwagika mchangani.

Nilipiga makofi. Kanuni niliyoikariri miaka miwili ilikuwa pale chini, imelowa. "Umeona?" nikamwambia. "Wewe umesimama, yenyewe yameendelea!"

Yeye alikuwa akiutazama mchanga unavyoyanywa. "Majani ndiyo yanayoyatuliza, Mwalimu," akasema polepole.

Nilifurahi na kuona haya kwa wakati mmoja, nisijue nianze na lipi. Pole sikumwambia.

Siku ya tatu yake mkaguzi akafika, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha taratibu, akaketi nyuma ya darasa. Mimi sikuwa na hofu. Nilikuwa nimemwambia msichana alete debe limejaa, bila majani, atembee kutoka mlangoni hadi ubaoni, nikipiga kofi asimame papo hapo.

"Tazameni maji," nikawaambia watoto.

Akatembea. Nikapiga kofi. Akasimama, na halikudondoka hata tone.

Nikamrudisha mlangoni. Mara ya pili hali ikawa ile ile. Mara ya tatu nilikaribia kumwomba. Niliona magoti yake yakilegea kidogo na shingo ikirudi nyuma, debe likatulia kana kwamba halikuwahi kwenda. Kanuni ilikuwa imevunjwa au haikuvunjwa? Mbona juzi ilikuwa kweli?

Mkaguzi akamwuliza msichana kwa nini maji hayamwagiki. Alinitazama kwanza mimi, kama anayeomba ruhusa.

"Yametoka mbali, Bwana," akasema.

Hakuna aliyecheka. Watoto arobaini, kila mmoja na mama aliyepanda mteremko ule asubuhi ile ile, walikuwa wakinitazama mimi niliyetaka maji yamwagwe sakafuni. Nilishika chaki, sikuandika kitu. Mkaguzi ndiye aliyeandika, tena kwa kirefu.

Barua ilikuja baadaye: mwaka mwingine wa majaribio. Baba alipoisoma, hakutangaza neno kanisani. Kanuni ile nimekuja kuielewa uzeeni, au nadhani nimeielewa. Magoti ya yule mtoto yalikuwa yakiijua kabla yangu.

Lakini jioni ya siku ile ya mkaguzi, nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma, nikalikuta debe limetuliwa mbele ya mlango wa jikoni. Zamu ilikuwa bado yake. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na juu yake alikuwa ameyarudisha majani.