Gari Lililokula Nyumba

Ukiniuliza ile pikapu ilitugharimu shilingi ngapi, sijui, wala sitaki kujua. Ninachokumbuka ni vitu vilivyotoka nyumbani kwetu Magomeni vikaenda kuwa vyuma. Redio ilikwenda ikawa ringi za pistoni. Doti zangu mbili za khanga, moja sijaivaa hata mara moja, zikawa springi ya nyuma. Kitanda cha wageni kikawa giaboksi, na giaboksi yenyewe ilikuwa kuukuu, maana mpya haikuwapo mjini. Miaka ile hata uwe na gunia la fedha, dukani ulikuta rafu tupu na muuzaji anapiga miayo.

Mume wangu alikuwa dereva bandarini. Akaacha kazi, akasema naye anataka kujitegemea kama siasa inavyotufundisha, akaenda kununua gari kwenye mnada wa shirika moja la umma. Alirudi anacheka. Pikapu kubwa, ya kubeba mizigo mizito, na difu yake, meno yale ya kugeuzia magurudumu ya nyuma, haina hata mlio! Haikuwa na mlio kwa sababu ilikuwa imeshiba ndizi. Baada ya wiki chache ilianza kulia kwa sauti ya kumwamsha mtoto mtaa wa pili. Fundi wetu wa Gerezani akaifungua, akachota kwa vidole uji mweusi wenye nyuzinyuzi, akaunusa.

"Ndizi mbivu, shemeji," akaniambia mimi, maana mume wangu alishageuka kutazama upande mwingine. "Na unga wa mbao kidogo. Meno yamekwisha humu, wakamlisha ili anyamaze."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshajua kwamba safari hii ni zamu ya kabati la vyombo.

Kikabaki kitu kimoja cha maana ndani ya nyumba, na hicho kilikuwa changu. Cherehani ya mkono, niliyopewa na mama yangu siku ya kuolewa. Nilikuwa nikishona sare za shule na magauni ya jirani, na kusema kweli tangu gari lianze kuumwa ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mume wangu alikuwa ameanza kuitazama. Unajua jinsi mtu anavyomtazama kuku siku mbili kabla ya sikukuu.

Kilichoileta mezani ni breki. Masta silinda ilikuwa imekwisha, unakanyaga pedeli inakwenda mpaka chini kama unakanyaga tope. Mafuta ya breki hayakupatikana, kwa hiyo fundi akaomba sabuni. Nilikuwa nimeipangia foleni asubuhi nzima kwenye duka la ushirika. Akaikwangua, akaikoroga na maji, akamimina mahali pa mafuta. Wiki ile watoto wetu walioga maji matupu, breki zikaoga sabuni.

"Hii ya kuzugia tu," fundi alituonya. "Msipate silinda, mtaua mtu."

Silinda ilikuwapo. Mzee mmoja wa Kariakoo aliuza spea chumbani kwake, chini ya kitanda, kwa kuogopa kuitwa mlanguzi. Fedha hakuzitaka. Mkewe alitaka cherehani, kitu ambacho madukani kilishakuwa hadithi.

"Mama watoto, ni cherehani tu," mume wangu alisema.

"Ni cherehani tu? Na wanao wanakula kutoka wapi, kwenye bomba la moshi?"

Nilikataa siku tatu. Kisha nikakubali, na sikukubali kwa mapenzi. Niliogopa. Kila akitoka asubuhi nilikuwa nasikiliza honi za barabarani, nikingoja mtu aje mlangoni kuniambia. Ingekuwa ujinga kubaki na cherehani na kuvaa kaniki ya eda.

Basi tukaenda. Kwenda na gari lisilo na breki kununua breki, hiyo ndiyo akili ya mume wangu. Nilimwambia nitaibeba kichwani, ni mwendo wa mguu tu. Akasema fundi ataifunga silinda palepale Gerezani, hivyo lazima gari liwepo. Utingo alikuwa ameacha kazi bila kuaga, kwa hiyo utingo nikawa mimi. Nilipanda nyuma, cherehani pembeni yangu ikiwa imefungwa kwa khanga, na miguuni kwangu gogo.

Niseme habari za gogo. Breki ya mkono ilikufa kabla hata ya mnada, na gia ya pili ilikuwa na tabia ya kuchomoka yenyewe mlimani. Gari likianza kurudi nyuma dereva hupiga kelele, "Tia gogo!", na utingo huruka, akalisukuma gogo nyuma ya tairi. Magari ya Kariakoo yaliyochoka yote yalikuwa na gogo lake. La kwetu lilikuwa la mkorosho, limelowa oili chafu ya tangu miaka.

Mteremko wa Magomeni tuliushuka kwa gia ya kwanza, injini ikiguna. Niliona shingo ya mume wangu kupitia kioo cha nyuma, imesimama wima, hageuki kulia wala kushoto. Jangwani tulipita salama, darajani pia. Nikaanza kupumua. Tukaanza kupanda upande wa pili, kuelekea Kariakoo, barabara imejaa wapita njia na baiskeli, na nyuma yetu, karibu mno, alikuwa anakuja mtu na mkokoteni uliojaa mbao. Alikuwa amejiinamia katikati ya mikono ya mkokoteni wake, kamba ya kuvutia imepita kifuani, anavuta bila kutazama mbele.

Kilima kikakolea. Nikasikia kishindo, kisha mngurumo wa injini isiyoshika kitu. Gia imechomoka.

"Tia gogo!"

Niliruka. Gari lilisita kidogo, kama linalofikiri, likaanza kurudi. Nikalisukuma gogo chini ya tairi la nyuma kwa mikono miwili. Tairi lilipanda juu yake, na gogo, kwa oili ile, likateleza likaruka pembeni likaangukia mtaroni. Nilisikia pedeli ikipigwa ndani, puu, puu, puu, na povu jeupe likachuruzika kutoka ndani ya gurudumu. Sabuni yangu.

"We baba, toka! Toka!" nilimpigia kelele yule wa mkokoteni. Akainua uso. Kamba ilikuwa kifuani, mbao zinamvuta nyuma, gari linamjia mbele. Hakuweza kutoka. Nilimwona macho, na ningali nikiyaona.

Sikufikiri, nisijipe sifa. Mkono wangu ulivuta kilichokuwa ukingoni mwa gari, ukakitupa chini ya tairi.

Ubao wa kitako cha cherehani ulivunjika kwanza. Kisha chuma kikalia, kilio kirefu kilichoniingia menoni. Kisha kimya. Gari lilikuwa limesimama, hatua moja tu kutoka kifuani kwa yule mtu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyejivua kamba, akakimbia kuokota mawe, akayapanga nyuma ya matairi yote. Mume wangu alishuka. Akachuchumaa, akalipapasa tairi taratibu, lote, mpaka chini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Halijapasuka."

Hasira iliyonipanda hapo sijawahi kuipata tena. Nilitaka kumpiga, na watu walikuwa wameshakusanyika. Sikumpiga. Nilikwenda mbele, nikafungua boneti. Betri ilikuwa imefungwa kwa waya tu, haikuhitaji spana. Nikazing'oa waya zake, nikaitoa, nikajitwika.

"Mama watoto! Betri unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi wa kutengeneza cherehani."

"Na gari litawakaje?"

"Litasukumwa. Limezoea."

Miezi yote ile vitu vilitoka nyumbani kwenda kwenye gari. Nilitaka, walau siku moja, gari nalo litoe. Betri mjini ilikuwa dhahabu, na fundi wa kutengeneza vyerehani aliyekaa barazani karibu na soko asingeikataa kama malipo. Nilipanda kile kilima na betri kichwani, asidi inatonatona kwenye bega la gauni, machozi yananitoka, sijui kama ni ya uchungu au ni ya asidi. Cherehani niliiacha palepale chini. Nilikuwa nimesahau kwamba huwezi kwenda kwa fundi bila kitu cha kutengenezwa.

Nilikumbuka karibu na kona ya kwanza ya Kariakoo. Nikageuka kurudi, nimejiandaa kutukana.

Mume wangu alikuwa anakuja nyuma yangu, anahema. Shati amelivua, amelifanya ngata, na juu ya ngata amejitwika cherehani yangu iliyovunjika. Mkono wake mmoja umeishika, wa pili umebeba vipande vya kitako, hata vile vidogo. Kule chini pikapu ilikuwa peke yake katikati ya barabara, boneti wazi, na hakugeuka hata mara moja kuitazama.