Sweta la Marehemu na Sahani Namba Nne

Maabarani walimwita Mama Sahani. Kwa miaka kumi na tisa alipika rojo la kukuzia bakteria, akalimimina kwenye visahani vya plastiki, akavipanga kwenye kabati la joto. Wenye digrii waliandika makala. Yeye aliosha chupa zao. Mgawanyo mzuri wa kazi, hasa kwa wenye digrii.

Mwaka ule Profesa alitaka kuwaambukiza bakteria kwa DNA tupu. Virusi wanaowala bakteria walivuliwa ganda kwa kemikali, ukabaki uzi mtupu wa DNA usioweza hata kubisha hodi. Kumfungulia mgeni huyo mlango kulikuwa kazi ya Mama Sahani: anawatia bakteria kwenye chumvi na barafu, kisha anawashtua kwa maji moto. Uzi ukipenya, bakteria mwenyewe hufyatua virusi mpaka apasuke. Kesho yake, kwenye utando wa bakteria uliofunika sahani kama ukungu, huonekana vitobo safi. Kila kitobo ni kaburi la halaiki.

Sahani namba nne haikupewa DNA. Ilipewa maji tu, ibaki nzima, la sivyo jaribio lote ni porojo.

Jumatatu ilikuwa na vitobo kumi na saba.

"Mama, umechanganya mirija," Profesa akasema.

"Sijachanganya."

"Basi vimetoka wapi? Kwa shetani?"

"Shetani hana ufunguo wa hapa, Profesa. Unao wewe na mimi."

Mama Sahani akarudia kwa maji mapya, chupa mpya, glavu mpya. Jumanne, vitobo ishirini na viwili.

"Ijumaa ikitoboka tena, natafuta mtu mwingine," Profesa akasema, macho kwenye simu. "Mikono nayo huzeeka, Mama."

Mama Sahani alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Jumatano asubuhi, akienda kuchukua bakteria kwenye chumba cha baridi, alivuta sweta la kijivu kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa la mumewe, aliyefuga virusi hao hao wala-bakteria katika chumba hicho hicho hadi kifo chake, miaka miwili nyuma. Lilining'inia pale tangu siku hiyo. Yeye alianza kulivaa mwezi huo tu, baridi ilipomzidi.

Mkono mmoja ukiwa umeingia, akasimama. Marehemu alikuwa na tabia moja chafu: kufutia vidole kwenye mkono wa kushoto wa sweta.

"Mwanamume wewe, si una leso?" alikuwa akimgombeza.

"Leso hupotea, mke wangu. Sweta nimelivaa."

Akachukua sahani ya bakteria, akagandamiza mkono ule wa sweta juu yake, akaifungia kwenye kabati la joto.

Alhamisi, ukungu ulikuwa umechanika katika michirizi minne iliyolala sambamba. Wa tatu ulikuwa mfupi. Mumewe alikatwa ncha ya kidole cha tatu na chupa, mwaka waliooana.

Mama Sahani alikaa chini, sakafuni, na koti lake jeupe.

Kisha akainuka, akalitia sweta kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu.

"Mbona pananuka sufi, unapika nini?" Profesa akauliza.

"Mume."

Profesa akacheka sana, akaenda mkutanoni. Sweta likatoka limesinyaa, saizi ya mwanasesere. Mama Sahani akafuta meza, akanawa hadi viwiko, akaandaa sahani upya.

Ijumaa namba nne ilikuwa laini, ukungu mtupu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Unaona? Ilikuwa mikono tu," Profesa akasema.

"Ndiyo, Profesa. Ilikuwa mikono."

Ile sahani ya michirizi hakuichoma. Aliizungushia utepe mara tatu, akaificha nyuma kabisa ya friji. Saa ya chakula, wenzake wakishatoka, huifungua friji na kuweka vidole vyake vinne juu ya kifuniko. Vinalingana na michirizi, isipokuwa cha tatu.

"Leso umeipata?" huuliza.

Kisha husubiri kidogo kabla ya kufunga mlango.