Baiskeli Isiyobonyea

Mke wangu ndiye mizani yangu. Nasema kwa heshima, na mwenyewe anajua. Miaka kumi na mitano nilibeba abiria na mizigo kwa baiskeli huku Gahanga, pembezoni mwa mji, na sikuwahi kununua baiskeli hata moja bila kwanza kumkalisha nyuma. Sisi wa kazi ile wote tunachagua hivyo. Unaleta mtu mzito kuliko wote unaowafahamu, anakaa, anajitupatupa, wewe unachuchumaa na kutazama chuma. Ikilalamika, unaiacha. Ikinyamaza, unaichukua. Kwa njia hiyo nilipata baiskeli iliyobeba viazi, mkaa, makreti ya soda, mlango pamoja na fremu yake, na siku moja bibi harusi na mama yake kwa mpigo, wala haikupinda hata spoki. Ningeipakia kanisa ingeuliza tu tunakwenda parokia gani.

Hiyo ndiyo niliyoitoa.

Kulikuwa na kampuni ya kutembeza watalii iliyotafuta waongozaji wawili wa baiskeli: watu wa kushuka na wageni milimani kwa njia za miguu, zile zenye mizizi, mawe na mifereji, tena kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Masharti yalikuwa matatu. Cheti cha sekondari, ninacho. Nilikipata kwenye masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na saba, na kimening'inia sebuleni kwangu juu kuliko picha ya harusi. Umri chini ya arobaini; nilikuwa nimebakiza wiki tano. Na la tatu, uje siku ya majaribio na baiskeli yako mwenyewe, yenye shokapu mbele na nyuma.

Magoti yangu wakati huo yalikuwa yameanza kulia kama mlango wa ghala. Daktari wa zahanati alinishauri niache kupandisha mizigo, akasahau kuniambia nianze kufanya nini. Kwa hiyo nafasi ile haikuwa bahati nzuri tu. Ilikuwa mlango wa mwisho, na mimi nilikuwa nauona ukijifunga polepole, siku kwa siku, kwenye kalenda ya jikoni.

Jumapili baada ya ibada nikaenda na mke wangu Gikondo, kwa fundi mmoja anayeuza baiskeli zilizotumika Ulaya. Ni mtu wa msikiti, babu yake alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani, na Kiswahili chake kinanifanya nione haya kufungua mdomo, mimi niliyekulia Tanzania. Alikuwa na tatu za aina niliyoitaka. Alikubali tubadilishane: achukue yangu ya chuma, mimi nichukue moja kati ya zile, na niongeze pesa kidogo juu yake.

"Karibu shemeji," alimwambia mke wangu. "Na wewe unakuja kuendesha?"

"Mimi nimekuja kukaa," mke wangu akajibu.

"Kukaa wapi?"

"Juu yake. Muulize huyu msomi."

Akapanda ya kwanza na kitenge chake cha kanisani, mimi nimeshika usukani. Ikazama yote kama godoro la gesti. Nikacheka hadi machozi. Fundi akasema hiyo inataka upepo tu, shokapu ya nyuma hujazwa kwa pampu yake. Mimi nikasema kitu kinachotaka upepo kabla hakijafanya kazi, kikifanya kazi kitataka nini?

Ya pili ikabonyea kidogo, kama vidole viwili hivi, halafu ikainuka.

"Hii haina tabu," mke wangu akasema, akijichezesha. "Hata mgongo hausemi kitu."

"Imebonyea," nikasema.

"Ndugu yangu, lazima ibonyee," fundi akasema. "Shokapu hunywa robo hivi ukishakaa. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Baiskeli inayobonyea mtu mmoja amekaa, ikishuka mlima itafanyaje?"

Ya tatu haikubonyea. Mke wangu akajitupa mara tatu, mara ya nne kwa hasira, ikasimama kimya kama jiwe la mpaka. Nikachuchumaa. Hakuna mlio. Nikaona kabisa nimempata mwenzangu.

Fundi alijikuna shingo. Nakumbuka vizuri jinsi alivyojikuna shingo. "Hiyo imekaa stoo muda mrefu," akasema. "Mimi ningekuwa wewe ningechukua ya pili."

Hapo ndipo nilipomsomesha. Nilimweleza habari ya nguvu na mgandamizo, mada niliyoipatia alama nzuri kuliko darasa zima, nikichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu yake. Nilisema uzito ukishuka chini, chuma kisipokubali, hurudi kwenye ardhi, na ardhi ndiyo yenye kazi ya kubeba. Nilisema maneno kama ishirini ya Kiingereza ambayo hata mimi yalinipa heshima. Fundi alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Baiskeli ni yako."

Hakunidanganya. Naliandika hili kwa sababu nimewahi kusimulia vingine, nikiwa na watu wa kunicheka, na simulizi ile humfanya fundi kuwa mwizi. Hakuwa mwizi. Alinionya, mimi nikamshinda kwa cheti.

Wiki ile nilifanya mazoezi Gahanga kwenye barabara ya udongo, ambayo ni tambarare, na ikaenda kama samli. Mabega yaliuma. Nikaona ni ushujaa unaingia.

Majaribio yalikuwa kwenye kilima kimoja nyuma ya Kagugu, asubuhi. Tulikuwa waombaji kama elfu moja, au tuseme kumi na tisa. Karibu wote walikuwa vijana wenye mashavu ya miguu kama chupa za bia kubwa. Aliyetupokea alikuwa kiongozi wa waongozaji, dada mmoja mwembamba aliyekulia Uganda, mwenye kovu kwenye kiwiko na kofia ya plastiki iliyojaa mikwaruzo. Alipita kwa kila mtu, akaweka viganja viwili kwenye kiti cha baiskeli, akasukuma chini mara moja. Zote zilibonyea, zikainuka. Kumi na nane zilibonyea. Nilizihesabu, na kila moja ilipoinuka mimi nilishuka.

Alipofika kwangu akasukuma. Akasukuma tena kwa kifua. Akainama akanusa ile shokapu ya nyuma kama mtu anayenusa maziwa.

"Mzee, hii iko imekufa."

"Imekufa vipi? Ni ngumu tu."

"Imeganda ndani kabisa. Hata miaka mingi sasa. Nani amekuuzia?"

"Nimechagua mwenyewe."

"Ulikuwa na nyingine ya kuchagua?"

"Mbili."

"Na hizo zilikuwa zinabonyea?"

Nikainama kukagua tairi. Kijana mmoja nyuma yangu akasema kwa Kinyarwanda kitu kuhusu punda, wenzake wakacheka, na kusema kweli kilikuwa kichekesho kizuri. Dada yule hakucheka. Akasema naweza kujaribu nikitaka, lakini kwa usalama wangu ningoje wengine wapite.

Nikajaribu. Mtu aliyekulia kwenye mizigo hajui kuteremka bila kubeba kitu, nami nilibeba wiki tano zangu zote. Mzizi wa kwanza ulinirusha kutoka kwenye kiti. Wa pili ulinirudisha, lakini si mahali palepale. Ile nguvu niliyomchorea fundi vumbini haikurudi kwenye ardhi hata kidogo. Ilipanda kwenye uti wa mgongo, ikapiga kengele kichwani, ikatokea kwenye meno. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaruka kama mbuzi, na kila liliporuka breki haikuwa na kitu cha kushika. Nilisalimiana na kila mkaratusi wa wilaya ya Gasabo kwa bega. Nilimaliza nusu ya pili kwa miguu, rimu imepinda, na vijana waliokuwa chini tayari walikuwa wanakula ndizi.

Dada akaja na karatasi zake.

"Una miguu ya kazi, Mzee. Na moyo. Njoo mwakani na baiskeli nzima, nitakukumbuka."

"Soma tarehe ya kuzaliwa," nikamwambia.

Akasoma. Akahesabu midomo yake ikitikisika. Kisha akaigeuza karatasi yangu, akaiweka chini ya nyingine, na akanipa ndizi mbili wakati wengine walipata moja.

Nilipitia Gikondo kabla ya kurudi nyumbani. Fundi alitazama rimu tu. Nikaulizia baiskeli yangu ya chuma: iliondoka siku ya pili baada ya kubadilishana, alisema, ilichukuliwa na mtu wa matofali. Shokapu ya ukubwa ule hana, na hajui kontena gani italeta. Nikamwomba basi anichomelee karia ya mizigo nyuma nirudi kwenye kazi yangu.

"Fremu ni ya alumini, ndugu yangu. Haishiki chuma. Nikichomea itayeyuka mkononi."

"Na kuifunga kwa kamba?"

"Utabeba nini kwa kamba? Barua?"

Tukacheka wote wawili. Alinyoosha rimu kiasi cha kuzunguka, hakutaka chochote, na mimi nikaondoka nikiisukuma, kwa sababu mgongo ulikuwa umekataa kukaa.

Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya nyumbani mama mmoja alikuwa amesimama na mkungu wa ndizi miguuni. Alinifahamu, nimeshambeba mara nyingi.

"Baba, unapandisha?"

Akazunguka nyuma kutafuta pa kukalia, hakupaona. Akatafuta pa kuweka mkungu, hakupaona.

"Sasa hii ni baiskeli ya nini?"

Nikailaza pembeni ya njia. Nilimshikia mkungu, akajitwika, akanishukuru. Akatangulia yeye, mimi nikafuata nyuma nikiisukuma ile yangu, na ilikuwa nzito.