Sauti ya Wilbert kwenye Kaseti

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Mwananyamala nzima ilikuwa inasema. Magari ya matangazo yalipita kutwa yakikwaruza masikio ya watu, na vibanda vya kaseti, ambavyo zamani viliuza taarabu na kwaya tu, vikaanza kuuza na siasa. Mwalimu Kokushubila, mjane wa Kihaya aliyefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, alikuwa anagombea udiwani. Mtaani walimwita Mama Hope, kwa jina la binti yake wa pekee. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitaka mitaro izibuliwe kabla ya masika na watoto waache kukaa chini darasani, basi, na hayo ndiyo aliyoyasema kila alipopewa kipaza sauti.

Kaseti ya kumkejeli yeye aliisikia mara ya kwanza akiwa saluni, kichwa kimefungwa taulo. Redio ya betri ilikuwa dirishani. Mwanamume mmoja alikuwa anaigiza sauti, mara ya bibi kizee, mara ya mlevi, na wanawake waliokuwa wanasukwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha ikaja sauti ya tatu, nzito, ya taratibu, yenye lafudhi ya Bukoba, kama inayotoka chini ya udongo.

"Koku," ilisema. "Koku we. Mbona uji ulikuwa mchungu?"

Msusi alikimbilia redio aizime, akakosea, sauti ikapanda.

"Umenimaliza mimi kwa uji, Koku. Sasa unataka kuwamaliza na watu wa kata nzima?"

Kicheko kilikatika ghafla. Koku alijifungua taulo mwenyewe, akatoka na nywele zimelowa.

Wilbert, mumewe, alikuwa amefariki miaka minne nyuma kwa ugonjwa wa ini. Sasa alikuwa anaongea kwa kinyozi, anaongea gengeni, anaongea kwenye gari la matangazo lililopunguza mwendo kila lilipofika nyumbani kwake. Watoto wakamtungia Hope wimbo wa uji mchungu. Hope alikuwa kidato cha pili, binti wa kujiamini, lakini akaanza kupita njia za uchochoroni. Koku naye akawa anaisikia sauti ile hata pasipo na redio, maji yakichemka, fagio likipita uani. Asubuhi moja akaimwaga sufuria yote ya uji. Hakupika uji tena nyumbani kwake.

Lakini lililomtisha kuliko yote alilijua peke yake. Alipofumba macho amkumbuke Wilbert akimwita, iliyokuja ni sauti ya kaseti. Akajaribu tena, ikaja ileile. Ya kweli ilikuwa imefukuzwa.

"Mie nakujua, Mama Hope," alimwambia Mwanaheri, jirani yake muuza vitumbua, aliyekaa naye matanga yote. "Wanaocheka wale hawaamini hata kidogo. Wanacheka tu."

"Hilo ndilo linaloniuma, shoga yangu. Wangekuwa wanaamini, ningewaeleza."

Ndipo akaanza kujiuliza. Sumu ilikuwa ya kutunga, ila uji haukutungwa. Siku ya mwisho hospitalini alimlisha Wilbert uji, na Wilbert alisema kweli kwamba ni mchungu. Nani alisikia? Pale kitandani walikuwa watatu: mgonjwa, yeye, na Elinaza, msomaji wa masomo kanisani, aliyekuja kuombea mgonjwa. Elinaza alikuwa karani wa kiwanda cha umma. Kiwanda kilipofungwa, akabaki na sauti yake tu, akawa anakodishwa kutangaza kwenye magari.

Jumapili ile alikwenda ibadani akakaa mbele. Somo la siku lilikuwa la mjane anayekwenda kumzika mwanawe. Elinaza alisoma vizuri kama kawaida yake, lakini alipofika kwenye neno "mjane" alilivuta kidogo, vilevile kama bibi kizee wa kwenye kaseti, akashtuka, akaruka mstari. Koku akaitambua sauti ya kwenye kaseti. Mlangoni Elinaza alimpa mkono.

"Bwana asifiwe, Mama Hope."

"Amina," alisema Koku. Mkono wa yule bwana ulikuwa umelowa jasho.

Rogers, kijana aliyemsimamia kampeni, alipoambiwa alipiga meza. "Mama, huyu mke wake alimkimbia, na mtaa mzima unajua kwa nini. Tutoe kaseti yetu kabla ya mkutano wa Jumamosi. Yeye ana sauti, sisi tuna habari." Akaacha redio ya kurekodia mezani, na kaseti tupu ndani yake.

Mchana wa siku iliyofuata Koku aliketi mbele ya ile redio. Hope alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, kunyamaza ndiyo kusamehe?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi sema."

Akabonyeza, akasema. Alimsema Elinaza na mke wake, kitanda chao na aibu yao, na maneno yakamtoka kwa urahisi ambao hakuutegemea. Yalikuwa matamu mdomoni. Kisha akarudisha nyuma wasikilize. Mwisho wa maneno yake kulikuwa na kicheko kifupi cha puani. Hakukumbuka kwamba alicheka. Na kilikuwa kicheko cha yule mlevi wa kwenye kaseti.

Hope alimtazama mama yake kama anamtazama mtu mgeni. Koku akairudisha kaseti mwanzo, akabonyeza kurekodi, akakaa kimya mpaka upande wote ukaisha na maneno yake yakafutika.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado juu, alikwenda kwa Elinaza, aliyepanga chumba nyuma ya hospitali. Elinaza alimkaribisha kigoda akakipangusa mara mbili.

"Sikuja kugombana, kaka Elinaza. Siku ile Wilbert alisema nini?"

"Siku gani, mama?"

"Ya uji. Tulikuwa watatu, na mmoja tumemzika."

Elinaza aliinama. "Maneno walinipa wapinzani wako."

"Ya uji hawakukupa wao."

"Hapana," alisema Elinaza. "Ya uji ni yangu. Walitaka kichekesho, Mama Hope, na mimi sikuwa na kitu. Nikatafuta ndani yangu, nikakuta hicho."

"Uliyakata katikati. Yamalizie."

Elinaza alifumba macho. Midomo yake ilipofunguka, aliyesema hakuwa yeye. "Uji mchungu, Koku. Ni huu mdomo wangu tu. Nipe tena."

Alikuwa Wilbert hasa, na uchovu wake, na upole wake wa siku za mwisho. Machozi yakamtoka Koku kabla hajajua kama analia.

"Rudia," alisema.

"Siwezi, mama. Namwogopa. Tangu nirekodi ile, na mimi ananiita."

"Nilikuja nikusamehe," Koku alisema, "na naona bado sijaweza. Lakini ya mke wako sitayasema, na Rogers nitamkataza. Wewe njoo Jumamosi uyaseme haya mbele za watu, mpaka mwisho wake."

Jumamosi Elinaza alikuja, akasimama pembeni kabisa mwa uwanja, mikono mfukoni. Koku alimsubiri, kisha akasimulia mwenyewe: kijiko, uji, maneno ya mumewe yote. Jina la mtu hakulitaja. Baadhi ya akina mama walijifuta macho. Nyuma kijana mmoja akapiga kelele, "Uji!" na nusu ya uwanja ikaangua kicheko. Elinaza alikuwa ameshaondoka.

Kura zilipohesabiwa, Koku alishindwa, tena vibaya. Akarudi darasani kwake.

Wiki kadhaa baadaye, Elinaza alisimama kusoma somo, akafunga kitabu, akasema alichokifanya. Alisema chinichini, benchi za nyuma hazikusikia. Tangu hapo akawa anazunguka vibandani akiomba kaseti zile, akipata moja anaivuta utepe wote, unabaki rundo jeusi miguuni pake. Watu walimwona kama amechanganyikiwa. Lakini zilikuwa zimeshanakiliwa, zikafika Temeke, zikafika Ukonga, kwa watu wasiojua Koku ni nani.

Siku alipoungama, baada ya ibada, alimfuata Koku wakapeana mkono. Kisha akamnyooshea Hope. Hope aliweka mikono yake nyuma, akamtazama machoni mpaka yule bwana akaurudisha wake.

Mama na binti walitembea hadi karibu na sokoni.

"Utanilazimisha?" Hope aliuliza.

"Hapana."

"Wewe umemsamehe?"

Koku alisogea gari la mkaa lipite. "Jana nilikuwa nimemsamehe," alisema. "Leo bado najaribu."